Je, Habari Hubadili Sera? Mahindi ya Ufipa na Fedha za Shule

Mkulima wa nyanda za juu za Ufipa akishavuna mahindi yake, hana budi kuamua mambo mawili: auze lini, na auze kwa nani. Uamuzi huo hutegemea wingi wa magunia aliyonayo, lakini hutegemea pia habari zilizomfikia. Makala haya yanaeleza jinsi habari zinavyotengenezwa na kusafiri, na jinsi wataalamu wanavyochunguza kama kweli zinabadili siasa na sera.

Tuanze na historia. Katikati ya miaka ya 1970 Serikali iliweka bei moja ya mahindi kwa nchi nzima, na Shirika la Usagishaji la Taifa (NMC) likawa mnunuzi. Mkulima wa Sumbawanga, aliye zaidi ya kilometa 1,000 kutoka Dar es Salaam, alilipwa sawa na mkulima aliye karibu na bandari. Sera hiyo ilichangia kuuingiza Mkoa wa Rukwa, ulioanzishwa mwaka 1974, katika kundi la mikoa minne iliyosifika kwa mahindi, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Kazi ya kutangaza bei nayo ilikuwa nyepesi, maana bei ilikuwa moja kwa msimu mzima. Redio Tanzania Dar es Salaam ilitosha kuifikisha vijijini. Nguvu ya redio hiyo ilikwisha kuonekana mwaka 1973 katika kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu wazima wapatao milioni 2 walisikiliza vipindi katika vikundi, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo na kusafisha visima.

Katika miaka ya 1980 biashara ya nafaka ilianza kulegezwa, na bei ikawa inatofautiana kutoka soko hadi soko, hata kutoka wiki hadi wiki. Mwaka 1993 sheria mpya iliruhusu redio na televisheni za watu binafsi. Basi mkulima alihitaji habari nyingi zaidi wakati uleule ambapo habari zilianza kuwa biashara.

Biashara hiyo ina kanuni yake. Gharama ya kumtuma mwandishi wa habari kijijini ni ileile, habari yake isomwe na watu 100 au 100,000. Gazeti au kituo cha redio hurudisha gharama hiyo kwa mauzo na kwa matangazo ya biashara, na watangazaji huwafuata wanunuzi wenye fedha, ambao wengi wao wako katika miji mikubwa. Kwa sababu hiyo mkoa wa mbali huweza kuwa na watu wengi na habari chache. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,540,519 katika Mkoa wa Rukwa, lakini hesabu ya watu na hesabu ya mapato ya matangazo ni mambo mawili tofauti. Aidha, pale Serikali inapokuwa miongoni mwa watangazaji wakubwa, mhariri huweza kusita kumkosoa anayemlipa.

Je, upungufu wa habari una madhara yanayopimika? Jirani zetu wa Uganda wametupatia mifano miwili.

Wa kwanza ni wa mahindi. Wachunguzi Jakob Svensson na David Yanagizawa walichunguza mpango wa kutangaza bei za masoko kwa redio za wilaya. Walilinganisha wakulima wenye redio na wasio nazo, katika wilaya zilizotangaziwa na zisizotangaziwa. Waligundua kuwa wenye redio katika wilaya zilizotangaziwa walipata bei iliyozidi kwa kiasi cha asilimia 15. Lakini uchunguzi wao wa baadaye ulionyesha kuwa faida haikumfikia kila mtu: wakati wenye taarifa walipata, wasio nazo walipoteza. Taarifa inayowafikia baadhi tu huweza kuwaumiza waliobaki.

Mfano wa pili unawahusu walimu. Ritva Reinikka na Jakob Svensson walikagua shule 250 za msingi, wakakuta kwamba kati ya mwaka 1991 na 1995 shule zilipokea wastani wa asilimia 13 tu ya ruzuku zilizotengewa kwa matumizi yasiyo ya mishahara. Baada ya hapo Serikali ya Uganda ilianza kuchapisha magazetini fedha zilizopelekwa kila wilaya. Kufikia mwaka 2001 shule zilikuwa zikipokea kiasi cha asilimia 80. Tena, shule zilizokuwa karibu na mahali gazeti linapouzwa zilifaidika zaidi.

Hapa mwanafunzi wa sayansi hana budi kuwa mwangalifu. Mtaalamu mwingine, Paul Hubbard, alikumbusha mwaka 2007 kwamba katika miaka hiyohiyo Uganda ilifanya mageuzi mengine mengi ya fedha na elimu. Mambo mawili yakitokea pamoja, haimaanishi kwamba moja limelizaa jingine. Habari zilisaidia, lakini huenda hazikufanya kazi peke yake.

Tuyalete mafunzo haya Ufipa. Mwezi Juni 2017 Serikali ilipiga marufuku kuuza mahindi nje ya nchi kwa nia ya kulinda chakula cha taifa. Baadaye iliondoa marufuku hiyo. Kwa mkoa unaopakana na Zambia, na unaotazamana na Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, amri ya namna hiyo hugusa bei mara moja. Anayeisikia mapema hujipanga. Anayechelewa humsadiki mnunuzi wa kwanza anayefika mlangoni. Simu ya mkononi imefupisha umbali, lakini hupeleka uvumi kwa kasi ileile ya ukweli. Shuleni pia jambo ni hilohilo: tangu Januari 2016, fedha za elimu bila malipo hupelekwa moja kwa moja kwenye shule, na mzazi anayesoma kiasi kilichoandikwa katika ubao wa matangazo anaweza kuuliza swali lenye maana.

Wanafunzi wanaweza kuanza uchunguzi wao wenyewe. Kwa siku 14 wasikilize taarifa ya habari ileile kila jioni, waandike ni habari ngapi zinahusu mkoa wao, zinahusu nini, na nani amenukuliwa: kiongozi au mkulima. Katika siku hizohizo waandike bei ya debe la mahindi sokoni, na wawaulize wauzaji watano walipataje kuijua bei hiyo. Mwishoni walinganishe majedwali hayo mawili. Hapo wataona ni swali gani la wakulima lililojibiwa na taarifa ya habari, na ni lipi lililobaki bila jibu.