Kompyuta ishirini, faili moja ya majibu

Anayeweka Debian kwenye kompyuta moja huketi mbele yake na kujibu maswali: lugha gani, kibodi gani, saa za mji gani, diski ifutwe au la. Kompyuta za maabara zikiwa ishirini, maswali yaleyale hurudi mara ishirini. Ndiyo maana mafundi huweka mfumo endeshi kwa njia ya mtandao.

Kazi huanzia kwenye kadi ya mtandao. Utaratibu uitwao PXE, uliotoka Intel miaka ya 1990, huiwezesha kompyuta yenye diski tupu kuomba anwani. Seva ya DHCP huipa anwani hiyo na kuitajia faili ya kuanzia; kompyuta huichukua kwa TFTP, kisha hupakia programu ya usakinishaji. (Seva za DHCP zikiwa mbili katika mtandao mmoja, fundi atatafuta kosa mchana kutwa.)

Mpaka hapo hakuna linalomhusu mtu wa lugha. Linalomhusu ni faili ya majibu, ambayo katika Debian huitwa preseed: maandishi ya kawaida, kila swali na mstari wake. Anayeiandika anachagua kwa niaba ya wote. Akiandika kibodi ya Marekani ilhali mezani kuna AZERTY, atakayebonyeza A atapata Q. Neno la siri «karibu» litaingia «kqribu» na kukataliwa, wala mtu hataona kwa nini, maana herufi zake hufichwa. Saa nazo, Lubumbashi si Kinshasa. Na kuhusu lugha, orodha ya glibc ina Kiswahili cha Kenya na cha Tanzania. Cha Kongo hakimo, basi fundi huandika Kifaransa bila kumwuliza mwalimu yeyote.

Mstari wa kuogopwa zaidi ni ule unaokubali diski ifutwe. Ukishajibiwa mapema, onyo halitokei tena. Kompyuta iliyobeba rekodi za masimulizi ya wazee, ikiwashwa kwa mtandao kwa bahati mbaya, hufutwa sawa na iliyonunuliwa jana. Kwa maoni yangu faili hiyo isomwe na wawili, fundi na mwalimu wa maabara, baada ya rekodi kunakiliwa kwenye diski ya nje. Na menyu ya PXE ipangwe ianze na diski ya ndani, ili usakinishaji uchaguliwe kwa mkono.