Umeme wa mto wetu: sheria inaruhusu nini?



Katika vijiji vingi tunavyotembelea, mto unashuka mlimani kwa nguvu, na karibu yake mashine ya kusaga muhogo inakunywa mazutu. Watu wanatuuliza: tuko na haki ya kutengeneza umeme wetu wenyewe? Jibu ni ndiyo. Lakini mbele ya kuchanga pesa za turbini, mjue mambo haya.

Zamani umeme ulikuwa karibu wote mkononi mwa SNEL. Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 ilifungulia wengine mlango. Kwa umeme wa matumizi yenu wenyewe, inaangalia ukubwa wa mtambo:

- Mpaka kilowati 50: muko huru.
- Kilowati 51 mpaka 99: munapaswa kuujulisha utawala.
- Kuanzia kilowati 100: munaomba ruhusa kwanza.

Lita 100 za maji kwa sekunde, zikishuka mita 20, zinaweza kutoa karibu kilowati 10. Hiyo inatosha kwa mashine ndogo ya kusaga. Kwa hiyo vyama vingi viko katika ngazi ya kwanza.

Kuuzia majirani umeme ni jambo lingine. Hapo ni biashara: inaomba makaratasi yake, na bei haipangwi ovyo. Muamue mapema, maana kugeuza mpango katikati kunakula pesa.

Kizuizi kikubwa mara nyingi ni shamba. Tangu sheria ya 1973, udongo ni mali ya Leta. Neno la Mwami ni la lazima kwa amani ya kijiji, lakini peke yake halitoshi: mtu mwenye hati anaweza kutokea kesho na kudai pahali mulipojenga. Muandikishe mapatano na familia zenye mashamba pale mfereji utakapopita, kisha muende ofisi ya ardhi. Na wale wanaotumia maji kule chini, muwaite kwenye kikao.

Kuna pia misaada. Mwaka 2015 serikali ilitoa dekreti ya kupunguza kodi na ushuru wa duani kwa kazi ya umeme, kwa muda uliopangwa. Mbele ya kuagiza mashine, muulize ni punguzo gani linatumika leo, na mupate jibu kwa maandishi. ANSER ndiyo shirika la Leta lenye kazi ya kufikisha umeme vijijini. Muipelekee mpango wenu.

Basi, kwenye mkutano ujao, mupime mto, muamue matumizi, mutafute karatasi ya shamba. Turbini inunuliwe mwisho.