Miski Isiyo na Paa

Wajukuu zangu, kabla hamjavaa, nuseni kola za mashati yenu. Zimefuliwa juzi, zikaanikwa juani, zikapigwa pasi, na bado zinanukia sabuni. Harufu hiyo inayogoma kutoka ina babu yake, na babu huyo ni paa wa miski.

Paa mwenyewe ni mdogo, hana pembe, ila dume ana meno mawili marefu yanayochomoza mdomoni kama ya zimwi. Anaishi kwenye milima ya Himalaya, Uchina na Mongolia hadi Siberia. Chini ya tumbo la dume kuna kifuko, na ndani ya kifuko kuna miski, gramu 25 hivi. Pigeni hesabu: kilo moja ni paa 40. Na mitego haikuchagua. Jike na mtoto nao walinaswa, bure.

Ambari, kitu kingine cha kunukia cha tangu zamani, ilikuwa jirani yetu zaidi. Kuna nyangumi mwenye kichwa kikubwa kama gogo, chakula chake ngisi, na ngisi ana mdomo mgumu kama wa kasuku. Midomo hiyo hukwaruza utumbo, nao utumbo huizungushia kitu kama nta. Donge likitoka huelea miaka na miaka, chumvi na jua vikilipika, mpaka kilichonuka kama kinyesi kinaanza kunukia. Al-Masudi, msafiri wa Baghdad, aliiandika habari ya ambari ya pwani yetu katika karne ya 10. (Wazungu huichanganya ambari na kaharabu, ule utomvu wa miti uliogeuka jiwe. Kiswahili kina neno kwa kila kimoja. Hapo tujivune kidogo.)

Sasa ngojeni niwaambie ya Albert Baur. Mwaka 1888 Mjerumani huyu alikuwa akitafuta baruti yenye nguvu zaidi. Akachukua toluini, ile inayotengenezewa TNT ya mabomu, akaipika na kemikali nyingine. Alichopata hakikumfaa kwa kulipua, lakini kilinukia miski! Mwingine angemwaga. Baur akakiuza, na ndugu za miski yake zikaingia hata katika manukato ya Chanel No. 5, mwaka 1921. Si zote zilikuwa njema: mojawapo iligunduliwa baadaye kuwa inadhuru neva, ikaachwa.

Miski ya paa ni kitu gani hasa? Mkemia Leopold Ružička alipoichunguza mwaka 1926 alikuta atomi 15 za kaboni zimeshikana mikono kwa duara, kama nyinyi mnapocheza uani. Wakemia wengi waliamini duara kubwa namna hiyo haliwezi kusimama. Mwaka 1939 alipewa Tuzo ya Nobel. Cha ajabu, miski ya Baur haina duara hilo, na bado pua inaiita miski.

Ambari nayo ilipata mbadala: mwaka 1950 kampuni ya Firmenich ya Uswisi ilitoa Ambrox, iliyotengenezwa kutokana na mmea wa maua uitwao Salvia sclarea. Siku hizi wapo wanaoanza na sukari ya miwa, wakiilisha hamira. Nyangumi hahusiki.

Turudi kwenye kola. Miski nyingi za sabuni, kama Galaxolide iliyobuniwa Marekani miaka ya 1960, hazipatani na maji. Zinang'ang'ania uzi wa nguo. Ndiyo sababu shati linanukia siku ya tatu. Na ndiyo sababu watafiti wamezikuta mitoni na ndani ya samaki, maana zikishatoka kwenye beseni hazipotei upesi. Paa amepona kidogo, samaki ameongezewa mzigo.

Haya, mpeni ndugu yenu kola anuse. Akisema hasikii kitu, msimcheke: wapo watu wenye pua nzima kabisa ambao baadhi ya miski hizi hawazisikii hata kidogo.