Je, Wajua? Bahari Sebuleni, Mita 1,700 Juu ya Bahari

Je, wajua kwamba tangi la samaki wa baharini lililoko Lavington, Nairobi, hupungukiwa na maji upesi kuliko lililoko Nyali, Mombasa? Wengi hudhani kinyume, kwa kuwa Mombasa ndiko kwenye joto. Lakini hewa ya Pwani imekwisha kushiba mvuke, haipokei mwingine mwingi. Nairobi hewa ni kavu, na Julai sebule nyingi hushuka chini ya nyuzi 20 huku hita ikiyashikilia maji ya tangi kwenye nyuzi 25 au 26. Mvuke hutoka usiku kucha.

Kosa kubwa la wafugaji wapya huanzia hapo. Maji yanapaa, chumvi haipai. Lita moja ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, kwa hiyo tangi la lita 200 limebeba kilo 7. Zikikauka lita 10, kilo zile zile 7 zimebaki katika lita 190, na kila lita sasa ina karibu gramu 37. Mwenye tangi akijazia kwa maji ya chumvi, ameongeza gramu 350 nyingine. Akifanya hivyo mara nne, amefika gramu 42 kwa lita, kupita hata kaskazini mwa Bahari ya Shamu. Cha kujazia ni maji yasiyo na chumvi, kidogo kidogo kila siku, hadi alama iliyochorwa kwenye kioo.

Kupima hakuhitaji maabara. Ukiwa na refraktomita, dondoshea tone moja kwenye kioo chake, funika, kisha tazama kwenye mwanga: mpaka wa buluu na nyeupe ukitua kwenye 35, mambo ni sawa. Kile kipimo cha plastiki chenye mshale ni rahisi zaidi, ila viputo vya hewa huung'ang'ania mshale na kuuinua, ukasoma chumvi isiyokuwepo. Kigonge kidogo vitoke.

Je, wajua kwamba chumvi ya jikoni, ingawa imetoka baharini, haiwezi kukurudishia bahari? Chumvi yetu nyingi huvunwa Gongoni na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Maji ya bahari hulazwa kwenye mabwawa mapana, jua likayakausha. Chokaa na jasi hutangulia kuganda, ikafuata chumvi tunayoijua, na maji machungu yenye magnesiamu huondolewa. Kwa hiyo pakiti ya dukani ni karibu kloridi ya sodiamu tupu, tena imetiwa ayodini. Baharini, sodiamu na kloridi ni kama asilimia 86 tu ya chumvi zote. Katika sehemu iliyobaki ndimo mlimo kalisi ambayo matumbawe hujengea mifupa yao. Ndiyo sababu huuzwa chumvi maalumu ya matangi, na mimi sioni njia ya mkato.

Maji ya kujazia nayo yana mambo yake. Ya mfereji, yatokayo Ndakaini kwenye miteremko ya Aberdare, hayana madini mengi, ila yametiwa klorini, nayo lazima iondolewe. Ya visima virefu vya Karen na Lang'ata hupita kwenye miamba ya volkano na mara nyingi huwa na floridi nyingi, ambayo haipai na mvuke: kila ukijazia, inaongezeka. Katika magorofa ya Kilimani na Kileleshwa, leo bomba hutoa maji ya kaunti, kesho ya kisima, keshokutwa ya boza. Muulize mlinzi au msimamizi wa jengo kabla ya kujaza ndoo.

Je, wajua kwamba samaki wa baharini huona kiu? Damu yake ina chumvi kama theluthi moja tu ya ile ya bahari, kwa hiyo maji humtoka mwilini bila kukoma. Hunywa bahari mchana kutwa, na chumvi ya ziada akaitoa kwa matamvua. Chumvi ikipanda ghafla tangini, kazi hiyo humshinda.

Lakini yuko anayestahimili makubwa kuliko hayo, kama kilomita 100 tu kusini-magharibi mwa Nairobi. Kwenye chemchemi za moto za Ziwa Magadi huishi perege mdogo, Alcolapia grahami, katika maji yanayoweza kupita nyuzi 40, yenye pH ya karibu 10. Samaki wengi hutoa uchafu wa mwili kama amonia kupitia matamvua. Katika magadi makali kiasi hicho amonia haitoki, ikibaki inaua. Perege huyu huigeuza kuwa urea kwanza, kama mwili wa binadamu unavyofanya.