Figo mpya si mwisho wa stori

Ushawahi kuongezwa kwa grupu ya WhatsApp ya mchango wa figo? Najua ndio. Unatuma mia tano, operesheni inafanyika, picha ya mgonjwa akitabasamu inaingia, watu wanaandika "Mungu ni mwema", kisha mmoja mmoja wanatoka. Wewe unadhani mambo yameisha. Mwenyewe ndio ameanza.

Kinga ya mwili haijui kukaribisha wageni. Chochote isichokitambua inakivamia, hata kama ni figo ya ndugu yako. Ndiyo maana upandikizaji wa kwanza wa figo uliofaulu, Boston mwaka 1954, ulikuwa wa mapacha wa kufanana: mwili haukugundua kuwa figo ni ya mtu mwingine. Asiye na pacha kama huyo humeza dawa za kutuliza kinga kila siku, saa zile zile, muda wote ambao figo inafanya kazi.

Na si peremende hizo. Kinga ikilazwa, TB na magonjwa mengine hupata mwanya, na hatari ya saratani hupanda. Tacrolimus, ambayo wengi hutumia, inaweza kuumiza hiyo hiyo figo inayoilinda. Yaani soja uliyemwajiri ndiye anakubomolea ukuta! Lakini ukiruka dozi kwa sababu pesa imeisha, au kwa kuwa unajiona uko fiti, unaweza kuipoteza figo. Kwa hivyo ukiona bajeti ya mchango inaishia siku ya operesheni, uliza dawa za mwezi unaofuata zitatoka wapi.

Sasa tufike kwa utamu. Madaktari wa Massachusetts General Hospital, Boston tena, walijiuliza: badala ya kuilaza kinga maisha yote, mbona tusiifundishe? Wakadhoofisha uboho wa mgonjwa kwa dawa kali na miale, kisha wakampa figo na uboho kutoka kwa mtu mmoja. Uboho ndio kiwanda cha damu kilicho ndani ya mifupa. Kwa muda, chembe za damu za watu wawili huishi pamoja, na kinga inazoea kwamba ile figo ni ya nyumbani. Walipochapisha matokeo mwaka 2008, kati ya wagonjwa 5, 4 walikuwa wameacha dawa kabisa. Mmoja figo yake ilikataliwa.

Mwaka 2022, Stanford ikaeleza habari za watoto 3 wenye ugonjwa adimu wa kurithi. Walipewa seli shina za mzazi, na miezi kadhaa baadaye figo ya mzazi huyo huyo. Wote wakaachishwa dawa.

Poleni lakini, hii bado si ya kila mtu. Matayarisho yake ni mazito, na chembe za mtoaji zinaweza kumgeukia mwenyeji. Hata ile figo ya nguruwe iliyovuma 2024, iliyobadilishwa jeni mara 69, bado ilihitaji dawa.

Kuna njia ya upole zaidi: chembe za mgonjwa mwenyewe zinazotuliza kinga huandaliwa maabara na kurudishwa mwilini. Katika majaribio ya Ulaya na Marekani yaliyochapishwa 2020, baadhi ya wagonjwa walibaki na aina moja tu ya dawa. Hawakuacha, walipunguza. Ila kwa anayezilipia kila mwezi, hata aina moja ikitoka kwa orodha, si haba.