Je, wajua kwa nini tairi huondoka na rangi ya sakafu?

Ingia kwenye gereji ya nyumbani iliyopakwa rangi mwaka mmoja au miwili iliyopita, utazame pale gari linapolala. Mara nyingi utakuta mabaka manne yenye upana wa tairi, rangi imebanduka na zege la kijivu liko wazi, ilhali sehemu nyingine zote bado zinang'aa. Mwenye nyumba humlaumu fundi, fundi humlaumu muuza rangi, na muuza rangi huuliza ilichanganywa na thina gani.

Tairi lenyewe lina mkono wake katika jambo hili. Likitoka safari ndefu kwenye lami ya moto linaweza kuzidi nyuzi 50 za Selsiasi, na ndani ya mpira wake mna mafuta ya kulainisha ambayo hupenya taratibu kwenye kitu linachokigusa. Rangi nyingi za sakafu zinazokaukia kwenye hewa ya kawaida huanza kulegea kwenye joto hilohilo. Usiku tairi linapopoa, mpira hunywea na kuvuta kilichonasa chini yake. Lakini mvuto huo ni mdogo. Sakafu iliyopakwa sawasawa huustahimili miaka mingi, kwa hiyo palipobanduka palikuwa pamelegea kabla gari halijafika.

Okota kipande kilichobanduka, ukigeuze, ukiangalie mgongoni kwenye mwanga. Kama mgongo ni msafi na laini, rangi haikuwahi kushika. Kama umebeba unga wa kijivu, rangi ilishika vizuri sana, ila ilichokishika ndicho kilichong'oka. Na kama una unyevu, au chumvi nyeupe inayosagika ukiisugua kwa kidole, basi kilichosukuma kilitoka chini, ardhini. Migongo hiyo mitatu inaeleza karibu kila kitu mtu anachopaswa kujua kabla ya kuchagua cha kupaka.

Tuanze na huo unga. Saruji huhitaji maji yasiyofika nusu ya uzito wake ili igande vizuri. Fundi huongeza zaidi ya hapo kwa sababu zege jepesi husambaa kirahisi kwa koleo. Maji ya ziada hayana kazi, hupanda juu yakiwa yamebeba chembe laini za saruji na vumbi la mchanga, na zege likikauka chembe hizo hubaki usoni kama utando dhaifu. Niru ikipigwa vibaya hutoa shida hiyohiyo: saruji tupu inayosuguliwa kwa mwiko wa chuma hadi ing'ae hupendeza sebuleni, lakini kama zege la chini lilikuwa limeshakauka ilipowekwa, hukaa juu yake bila kushikamana nalo. Ukipaka rangi ya bei mbaya juu ya niru ya namna hiyo, umeipaka juu ya kitu ambacho chenyewe kiko njiani kuondoka.

Maji yaliyotoka huacha njia zake. Zege lililokomaa limejaa vitundu vyembamba visivyoonekana kwa macho, na kama chini yake haikutandikwa nailoni nzito kabla ya kumwaga, mvuke wa ardhini hupanda kupitia vitundu hivyo mchana na usiku. Kwenye sakafu tupu huuoni mvuke huo, maana unatoka na kupotea hewani. Ukiifunika kwa ngozi isiyopitisha kitu, mvuke hukusanyika chini ya ngozi, huyeyusha chumvi na alkali za saruji, na hapo ndipo malengelenge huanza kuinuka.

Kipimo chake hakihitaji mtaalamu. Kata nailoni angavu yenye upana na urefu wa sentimeta 45, ibandike sakafuni kwa utepe wa gundi kingo zote nne bila kuacha upenyo, mahali pasipopigwa na jua, uiache saa 16 au zaidi. Ukibandua ukakuta matone upande wa chini, au zege limekuwa jeusi kuliko la pembeni, sakafu hiyo inatoa maji. Ipime sehemu kadhaa, hasa karibu na ukuta na mlangoni. Nailoni ikitoka kavu wakati wa kiangazi, usiridhike haraka. Rudia masika, ardhi ikiwa imelowa.

Rangi ya kwanza ambayo wengi huikimbilia ni ya mafuta, ile ya milango na madirisha, kwa sababu ni rahisi na iko kila duka la vifaa vya ujenzi. Kwenye zege ina adui wa ajabu. Zege bichi lina alkali kali, pH yake hupita 12, na alkali ikikutana na mafuta yaliyomo kwenye rangi, pakiwa na unyevu, huyageuza kuwa sabuni. Ni kemia ileile ya kutengeneza sabuni ya kufulia. Rangi hulainika kwa chini, hunata, halafu hutoka kwa vipande. Rangi ya maji ya akriliki haina udhaifu huo, tena huuachia mvuke upite kidogo, lakini ni nyembamba na jeki ya gari huikwangua ndani ya wiki. Kwa stoo inafaa. Kwa gereji, sioni sababu ya kuitumia.

Epoksi ndiyo inayotawala sokoni, na ilianzia kwenye meno ya bandia. Mwishoni mwa miaka ya 1930 mkemia wa Uswisi, Pierre Castan, alikuwa akitafuta kitu cha kutengenezea meno hayo, kisichosinyaa kikigandishwa. Meno hayakufanikiwa, lakini resini aliyoipata ilishika kila kitu. Kampuni ya Ciba iliichukua, na mwaka 1946 gundi ya Araldite ilionyeshwa kwenye maonyesho ya viwanda mjini Basel. Marekani nako Sylvan Greenlee alifika mahali hapohapo kwa njia yake katika miaka ya 1940, na kwake lengo lilikuwa rangi.

Epoksi haikauki kama rangi nyingine. Huja katika makopo mawili, resini na hadina, na vikichanganywa molekuli zake hufungamana hadi zote kuwa wavu mmoja mgumu. Kufungamana huko hutoa joto, na joto huharakisha kufungamana. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 zikiongezeka, muda wa kufanyia kazi hupungua kwa nusu. Ndoo iliyojaa iliyochanganywa saa saba mchana Dar es Salaam inaweza kuchemka na kutoa moshi fundi akiwa bado anatafuta rola. Dawa yake ni kuimwaga mara moja sakafuni kwa mistari mirefu, kwa kuwa ikishatandazwa nyembamba joto lake hupotea. Mafundi husema zege halilali. Epoksi iliyochanganywa haingoji hata chai.

Kwa hiyo wengi wa pwani huamua kupaka alfajiri, kukiwa na ubaridi, na hapo huingia mtego mwingine. Hewa yenye nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 80, hali ya kawaida kabisa Tanga au Mombasa, huanza kuangusha umande juu ya chochote chenye nyuzi 24 kwenda chini. Watengenezaji wa rangi hizi hutaka sakafu iwe na joto la nyuzi 3 juu ya hapo, yaani 27 na ushee. Zege lililolala usiku kucha mara nyingi halijafika huko saa kumi na mbili asubuhi. Unyevu usioonekana ukikaa juu ya epoksi mbichi, hadina huuitikia pamoja na hewa ukaa na kuacha utando unaoteleza kama mafuta. Koti la pili likipakwa juu yake halishiki. Kipande cha mgongo laini, ule wa kwanza kati ya mitatu, mara nyingine kimetoka hapa, kikiwa kimebanduka juu ya koti jingine na wala si juu ya zege. Muda mzuri ni asubuhi ya saa tatu au nne, sakafu ikiwa imeshapata joto na jua halijawa kali, na kipimajoto cha sakafu ni kitu cha kuwa nacho.

Epoksi ina udhaifu mmoja zaidi: jua huigeuza njano na kuifanya itoe unga. Ndani ya gereji yenye mlango si neno. Kwenye kibanda kilicho wazi pande zote, weka juu yake koti la poliurethani ya nje, jamii iliyotokana na kazi ya Otto Bayer huko Leverkusen, Ujerumani, mwaka 1937. Ndugu yake mwenye haraka zaidi ni poliurea, ambayo huganda kwa sekunde na hupulizwa kwa mashine maalumu, na kati yao iko poliaspatiki, iliyoanza kutumika miaka ya 1990. Hiyo hupakwa kwa rola, haigeuki njano, na gari linaweza kurudi siku inayofuata, wakati epoksi huomba wiki nzima. Sifa hizo ni za kweli. Lakini kasi yenyewe ni gharama: isipopata muda wa kuzama kwenye vitundu, hushika juujuu, na juu ya zege lenye maji hubanduka kama nyingine. Anayekuuzia kwa sababu tu gari litarudi kesho hajakuuliza swali la nailoni.

Kuna njia nyingine ambayo nadhani ndiyo inayostahili gereji nyingi za nyumbani kwetu, na haizungumzwi kwa sababu haing'ai dukani. Ni maji ya silikati, ya sodiamu au lithiamu. Hayakai juu. Hupenya milimeta chache ndani ya zege na kukutana na kalisi haidroksaidi, mabaki laini yaliyobaki saruji ilipoganda, na kuyageuza kuwa kiungo kilekile kinacholipa zege nguvu yake. Vitundu hupungua, vumbi hukoma, na mvuke huendelea kupita. Hakuna ngozi, kwa hiyo hakuna cha kubanduka wala malengelenge. Ukisaga sakafu kwanza kwa mawe ya almasi, kama wasagavyo terazo, unapata mng'ao wa zege lenyewe.

Silikati ina mipaka, na mipaka hiyo ni ya kweli. Oili iliyomwagika isipofutwa itaacha doa. Maji ya betri, ambayo zaidi ya theluthi ya uzito wake ni tindikali ya salfa, yataila saruji na kuiacha ikiwa jasi nyeupe inayomumunyuka. Kwa hiyo gereji ya mafundi, panapofunguliwa injini na kujazwa betri kila siku, inahitaji epoksi nene iliyonyunyiziwa mchanga ili mtu asiteleze, juu ya zege lililopimwa likaonekana kavu. Hata hapo mafuta ya breki yafutwe papo hapo; yanailainisha epoksi yakiachwa yakae. Kama zege linatoa maji na kazi ni ya tindikali, hakuna kopo la kuokoa hali hiyo: sakafu ivunjwe, nailoni itandikwe, zege limwagwe upya na kuachwa siku 28.

Chochote kitakachochaguliwa, utando dhaifu wa juu lazima uondoke kwanza. Wengi humwaga asidi ya kusafishia vyoo na kusuuza. Asidi haiondoi oili, huongeza maji kwenye sakafu tunayotaka ikauke, na isiposuuzwa vizuri huacha chumvi. Grenda ya sakafu yenye almasi hufanya kazi bora: ikimaliza, zege huwa na ukwaru wa msasa mkavu, na tone la maji hunywewa mara moja badala ya kusimama kama juu ya jani la mgomba.

Vumbi la grenda hiyo lina silika, nayo ikiingia mapafuni haitoki. Huacha makovu yasiyotibika. Hadina za epoksi huunguza ngozi na kuleta mzio wa kudumu, na isosianati iliyomo kwenye poliurethani na poliurea inaweza kumpa fundi pumu, kiasi kwamba baadaye harufu kidogo tu inamkaba kifua. Barakoa ya kitambaa haizuii chochote kati ya hivyo. Fundi anahitaji grenda iliyounganishwa na mashine ya kufyonza vumbi, barakoa yenye vichujio vya vumbi na mvuke, na glavu za nitrili, na gharama hizo ziandikwe kwenye makadirio ya kazi pamoja na bei ya makopo.