Je, Wajua? Hamira na Hari Yake
Je, wajua kwamba hamira, iingiapo kazini kugeuza sukari kuwa kileo, hutoa joto lake yenyewe, hata bia iliyomo pipani ikawa na hari kuzidi hewa ya jokofu iliyoizunguka? Kwa sababu hiyo fundi hodari, aundapo kidhibiti-joto cha jokofu la kuchachishia, hakiachi kihisi kikining'inia hewani, bali hukibandika ubavuni mwa pipa na kukifunika kwa sponji. Kisha huiamuru saketi isiiwashe tena kompresa ila baada ya dakika kadhaa tangu izimike, maana ikiwashwa kabla shinikizo la gesi halijatulia hutaabika, na huweza kuungua. Wala urafiki wa bia na baridi si jambo geni: mitambo ya awali ya kupozea ya mhandisi Carl von Linde, miaka ya 1870, ilijaribiwa katika kiwanda cha bia cha Spaten, mjini Munich.